Skauti na Kazi za Vijana katika Nyanda za Dodoma

Skauti ilifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika bara mwaka 1917, miaka kumi tu tangu Robert Baden-Powell, ofisa wa jeshi la Uingereza na mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi yake ya kwanza na wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka uliofuata kambi hiyo, 1908. Mengi aliyoyaandika humo alikuwa ameyaona Afrika. Wakati mji wa Mafeking wa Afrika Kusini, aliokuwa akiulinda, ulipozingirwa, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900, wavulana wa mji huo walipewa kazi za kupeleka ujumbe na kuhudumia wagonjwa ili askari wabaki kwenye mahandaki. Hapo ndipo alipopata wazo kwamba kijana wa miaka kumi na miwili akikabidhiwa kazi ya kweli ataifanya, na kwamba kazi hiyo itamfunza zaidi ya hotuba.

Kwa watu wa nyanda za kati, mwaka 1917 ulikuwa wa msiba. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yameingia Dodoma mwezi Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kabla yao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua zikakosekana juu ya hayo. Njaa iliyofuata, inayokumbukwa na Wagogo, wenyeji wa nyanda hizo, kwa jina la Mtunya, iliendelea hadi mwaka 1920. Inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 katika wilaya iliyokuwa na wakazi kama 150,000. Utawala mpya ulioleta skauti na shule ulianza kazi katika nchi iliyopoteza mtu mmoja kati ya kila watano. Historia ya vijana na maendeleo katika sehemu hii haieleweki bila kulikumbuka hilo, kwa sababu kila mradi uliokuja baadaye, wa kanisa, serikali, chama au jeshi, ulikuta swali lile lile: nchi inayopata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, itawalishaje watu wake, na nani atafanya kazi hiyo?

Vijana wa Ugogo walikuwa na kazi zao kabla ya skafu na filimbi. Wavulana walichunga. Mchungaji mdogo alijifunza kusoma nyayo, kujua mti wenye dawa na wenye sumu, kukisia umbali wa maji kwa rangi ya majani, na kuchimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yachuruzike. Baada ya mavuno, kiangazi kikiwa kimeshika, wavulana walipelekwa jandoni, wakakaa pamoja mbali na nyumba zao, wakafundishwa adabu, uvumilivu na wajibu wa mtu mzima. Rika lililotoka huko lilikuwa na undugu wa maisha. Mtu akisoma orodha ya ujuzi ambao skauti wa Ulaya alipaswa kuupata, yaani kufuata nyayo, kuwasha moto, kulala nje, kutunza mifugo, kutambua mimea, ataona kwamba kijana wa Mvumi au Bahi alikuwa nao mwingi kabla hajavaa sare. Jambo ambalo hakuwa nalo ni chama kilichomuunganisha na kijana wa kabila jingine, na shule iliyokipa chama hicho kiwanja na ratiba.

Hamu ya sare na gwaride nayo haikuletwa na skauti peke yake. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na pamoja na reli zilisafiri ngoma za beni. Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyoshindana kuanzia pwani, vilikuwa na vyeo, bendi, mavazi ya kijeshi na michango ya kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Vita vya kwanza vilizieneza ngoma hizo bara yote kwa miguu ya askari na wapagazi. Waingereza waliziangalia kwa wasiwasi, maana vijana waliokuwa wakitembea kwa hatua za askari bila amri ya mzungu walileta maswali. Skauti ilionekana kuwa njia ya kuichukua hamu ile ile na kuiweka chini ya mwalimu. Ndivyo ilivyopendwa na maofisa wa elimu, na ndivyo ilivyopendwa na wamisionari.

Shule ndizo zilizokuwa nyumba ya skauti Tanganyika, na zikabaki hivyo. Katika nyanda za kati elimu ya darasani ilikuwa imetangulia mahali pachache: Mpwapwa, ambako wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1876 na ambako serikali ya Kiingereza ilifungua shule kuu katika miaka ya 1920; Mvumi, penye shule na hospitali ya misheni; na baadaye Dodoma mjini, kwenye shule ya sekondari ya Alliance, iliyokuja kuitwa Mazengo kwa heshima ya mtemi mashuhuri wa Wagogo. Mwanafunzi aliyeingia shule ya namna hii alikuwa mmoja kati ya wengi waliobaki nyuma ya ng'ombe. Kwa hiyo skauti wa zama za ukoloni alikuwa kijana mteule tayari, na huduma aliyoitoa kwa jamii ilitoka juu kwenda chini: kufundisha usafi, kufunga kidonda, kuongoza watu siku ya sikukuu ya mfalme.

Muundo wenyewe ulikuwa mwepesi. Vijana sita hadi wanane hufanya kikosi kidogo chenye kiongozi wao wenyewe, mtoto mwenzao. Vikosi kadhaa hufanya kundi, na juu yake yuko mtu mzima, kwa kawaida mwalimu. Kila mmoja hutoa ahadi ya kumtumikia Mungu, nchi yake na watu wengine, hufuata kanuni za skauti, na hupanda ngazi kwa kuonyesha anachoweza kukifanya. Nguvu ya mpango huu iko kwa yule kiongozi wa miaka kumi na minne. Mwalimu akiondoka jioni, kikosi kinabaki na mtu wa kukiamuru. Taasisi nyingi zilizokuja kuwaita vijana wa Dodoma kwenye kazi za jamii ziliazima sare, nyimbo na gwaride kutoka skauti, lakini ni chache zilizoazima jambo hili la kumpa mtoto madaraka, na hapo ndipo tofauti yao kubwa inapoonekana.

Kanuni ya nne ilikuwa mwiba. Ilisema skauti ni rafiki wa watu wote na ndugu wa kila skauti mwingine. Katika makoloni ya Waingereza watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa kwa kawaida katika makundi mbalimbali, kama walivyokuwa katika shule mbalimbali. Afrika Kusini Waafrika walitengwa kabisa katika chama chao. Kijana wa Kiafrika aliyeisoma kanuni hiyo kwa makini alipata humo hoja ya usawa iliyoandikwa na Mwingereza mwenyewe, naye angeweza kumrudishia mwalimu wake. Harakati iliyoletwa kufundisha utii ilibeba ndani yake sababu nzuri ya kuukataa utii huo.

Mfano mkubwa zaidi unatoka Tabora, magharibi ya nyanda hizo hizo. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi, alisoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937. Hakupenda michezo, lakini alipokisoma kitabu cha Baden-Powell alishiriki kuanzisha kundi la skauti shuleni hapo. Baden-Powell mwenyewe alikuwa wakati huo akimalizia siku zake Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 1941 na kuzikwa. Haifai kukuza jambo hili kupita kiasi. Nyerere alijengwa na mengi, na imani ya Kikatoliki na malezi ya Butiama yalimgusa kwa kina zaidi. Hata hivyo, mtu aliyekuja kuamini kwamba kijana msomi anawiwa na jamii, na kwamba deni hilo hulipwa kwa jasho, alikuwa amekutana na wazo hilo akiwa na umri wa kuvaa skafu.

Wasichana walipata chama chao mwaka 1928, wakati Girl Guides ilipoanza Tanganyika. Ugogo, ambako msichana aliolewa mapema na mzigo wa kuteka maji ulikuwa wake, kikundi cha namna hiyo kilitegemea shule za bweni za misheni kwa sababu nyumbani hapakuwa na saa ya kukihudhuria. Baadaye Chama cha Skauti Tanzania kilifungua milango kwa jinsia zote mbili, na leo wasichana huonekana katika safu moja na wavulana.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, nchi nyingi za Afrika ziliitazama skauti kama mabaki ya mkoloni. Malawi ya Kamuzu Banda iliipiga marufuku na kuweka vijana wa chama mahali pake. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, watoto walikusanywa katika Young Pioneers wa chama cha Afro-Shirazi, waliorithi mambo mengi ya skauti huku wakibadilisha bendera. Tanganyika bara ilichagua njia ya tatu. Skauti haikufungwa, chama kilipokewa katika shirika la skauti duniani mwaka 1963 na Rais akawa mlezi wake. Lakini kando yake ilisimamishwa mikono mingine yenye nguvu zaidi. Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulikuwa na matawi mpaka shuleni. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) liliundwa tarehe 10 Julai 1963. Kijana aliyetaka kuitumikia nchi alikuwa na chama cha siasa na jeshi la kumwita kabla skauti haijafungua mdomo.

JKT ndiyo iliyobadilisha sura ya kazi za vijana katika nyanda za kati. Mwanzoni ilikuwa ya hiari na ilichukua vijana wa kawaida, wengi bila elimu kubwa. Serikali ilipoamua kuwa wahitimu wa vyuo nao watumike, wakipokea sehemu tu ya mshahara kwa kipindi hicho, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 na kuwarudisha makwao, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Tukio hilo lilibadilisha maana ya kujitolea nchini. Skauti ilikuwa imejengwa juu ya ahadi ambayo kijana huitoa mwenyewe. Sasa utumishi kwa jamii ukawa wajibu wa kisheria kwa msomi. Katika kambi ya Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, maelfu ya vijana wa mujibu wa sheria walikutana kwa mara ya kwanza na jembe, usiku wa baridi wa nyanda na rafiki wa mkoa mwingine. Mashamba ya zabibu ya kambi hiyo yanaonyesha kwamba jeshi lilielewa udongo wa mahali pake. Ulazima huo ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013.

Kisha ukaja ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970, na pamoja nao Operesheni Dodoma. Wagogo waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo na tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa iliyozunguka zizi. Mtawanyiko huo ulikuwa na akili yake: mifugo ilipata malisho na ugonjwa haukuenea upesi. Serikali iliona kuwa shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufuata kila zizi, ikawahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwaka 1971 Nyerere alikwenda kuishi Chamwino, mashariki ya Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Vijana wa TANU na wanafunzi waliitwa kufyatua, kuchoma, kubeba na kujenga. Mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ulikuwa umekwisha kutaka kila shule iwe na shamba na kazi zake, kwa hiyo mikono ya watoto wa shule haikuhitaji tangazo jipya.

Nyumba za matofali zilizojengwa wakati huo zilikuwa jambo la kujivunia, na wengi walioshiriki walijivunia kwa haki. Ila kulikuwa na hasara ambayo haikuandikwa kwenye taarifa. Watu walisogezwa karibu, mifugo ikasogezwa karibu nao, na ardhi iliyozunguka vijiji ikachakaa. Kondoa, kaskazini ya mkoa, mmomonyoko ulikuwa wa zamani zaidi na mkali zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Hapa panaonekana udhaifu wa kazi ya vijana inayopangwa kama kampeni: hupima tofali lililofyatuliwa leo, haipimi malisho ya miaka kumi ijayo. Kijana aliyepanga foleni kubeba matofali hakuulizwa kijiji kiwe wapi. Aliyekuwa amekulia nyuma ya ng'ombe, na ambaye angeweza kujibu swali hilo vizuri kuliko ofisa, alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ujuzi wake ni wa kizamani.

Uamuzi wa Oktoba 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma uliongeza kazi na wageni. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipima viwanja na kupanda miti kwenye vilima. Chama cha Mapinduzi, kilichoirithi TANU, kilijenga ukumbi wake Chimwaga, mashariki ya mji, ambako wagombea wake wa urais, Benjamin Mkapa mwaka 1995 na Jakaya Kikwete mwaka 2005, waliteuliwa. Miaka yote ya chama kimoja, kijana aliyeonekana hadharani Dodoma alikuwa wa chama: chipukizi wa halaiki, mlinzi wa mkutano, mwimbaji wa kwaya. Skauti walikuwepo shuleni, wakifanya yale waliyoachiwa.

Mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992, matawi ya chama yaliondolewa shuleni na kazini. Pengo lililobaki shuleni lilikuwa kubwa kuliko wengi walivyotarajia. Hapakuwa tena na chombo cha kumfundisha mtoto wa darasa la sita kusimama mbele ya wenzake, kupanga kazi na kuigawa, isipokuwa kile kikongwe kilichokuwa kimevumilia pembeni. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya skauti kurudi kwa nguvu: haikuwa na chama cha siasa cha kuanguka nacho. Kufikia mwaka 2011 wanachama walioorodheshwa nchini walikuwa zaidi ya 100,000, karibu wote wakiwa wanafunzi.

Mtanzania wa kawaida humjua skauti kwa skafu. Mbio za Mwenge zinapoingia wilayani, au waziri anaposhuka kwenye gari kuzindua kisima, mtoto mwenye sare ya kaki hupiga hatua mbele, huinua vidole vitatu na kumvisha mgeni rasmi skafu. Ni desturi nzuri, na mtoto aliyechaguliwa huikumbuka. Inasikitisha pale inapokuwa kazi pekee ambayo watu wazima wanamwitia. Kundi la skauti la shule ya Dodoma linalojulikana kwa kuvisha skafu tu limepewa nafasi ya pambo, wakati mafunzo yake yanalifaa kwa mambo mazito: huduma ya kwanza barabarani, kutunza chanzo cha maji, kusaidia waliokumbwa na mafuriko ambayo katika nchi hii kavu hutokea kwa ghafla mito ya mchanga inapojaa kwa saa moja. Mpango wa TAKUSKA, unaounganisha Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa na Chama cha Skauti, umechukua njia nyingine: unamfundisha kijana kuitambua rushwa na kuikataa angali shuleni. Katika jiji ambalo sasa ndilo makao ya wizara zote, mafunzo hayo yana mahali pa kutumika.

Chimwaga yenyewe imebadilika. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa hapo, kikachukua ukumbi wa chama na vilima vinavyouzunguka, kikiwa kimepangwa kufikia wanafunzi 40,000. Haijawahi kutokea katika historia ya nyanda hizi vijana wengi hivyo kukusanyika mahali pamoja bila kuitwa na jeshi. Ngazi ya juu ya skauti, rova, imekusudiwa watu wa umri wao hasa. Shule za msingi na sekondari zinazowazunguka zina vikosi visivyo na walezi wa kutosha, kwa kuwa mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki hapati jioni ya kwenda kambini. Rova mmoja aliyefunzwa anaweza kuokoa kundi zima.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu Mtunya: maji na miti. Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Mzakwe ni bonde la visima vinavyolinywesha jiji, hivyo mahali palichaguliwa vizuri. Kampeni za namna hii huwaita wanafunzi kwa mamia, kila mmoja na mche wake, na picha hupendeza. Shida huja mwezi wa Juni. Mche uliopandwa Januari unahitaji maji na ulinzi dhidi ya mbuzi hadi Novemba, na likizo ya katikati ya mwaka huwatawanya waliopanda.

Njia ya kisiki hai, iliyoenezwa vijijini Dodoma tangu mwaka 2018 na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit, inaikwepa shida hiyo kwa kuanza na mti ambao tayari una mizizi. Shamba lililofyekwa huwa na visiki vinavyochipua kila mvua. Mkulima huchagua kisiki, hubakiza machipukizi machache yaliyo imara, hupogolea mengine, hufunga kitambaa ili kila mtu ajue kwamba mti huo unatunzwa, kisha huulinda. Hakuna mche wa kununua wala ndoo ya kubeba. Kinachotakiwa ni jicho la kuujua mti kwa jina lake na uvumilivu wa kurudi mwaka baada ya mwaka, pamoja na makubaliano na wachungaji wa jirani. Kwa shule yenye kikosi cha skauti wanane wanaotoka kitongoji kimoja, visiki mia moja vinaweza kugawanywa wiki ya kwanza ya muhula, kila mtoto akapewa vyake vilivyo njiani anapokwenda kuchunga, na kiongozi wa kikosi akavikagua siku za likizo, kwa maana likizo ndiyo humkuta nyumbani.